Sauti Kwanza: Jinsi ya Kuandaa Simu ya Video ya Kuomba Mtaji

Mwanzilishi wa kampuni changa akipata nusu saa ya kuzungumza na mwekezaji aliye nchi nyingine, maandalizi yake mara nyingi huishia kwenye slaidi. Zinapangwa, zinapanguliwa, rangi zinabadilishwa hadi usiku wa manane. Kipaza sauti, ruta na kompyuta vinaachwa vilivyo, kwa imani kwamba kama vinatosha kwa mikutano ya kila siku, vitatosha na hapo. Lakini mkutano wa kila siku ni wa watu wanaokufahamu. Sauti yako ikikatika, wanajua ni mtandao. Mwekezaji anayekuona kwa mara ya kwanza hana namna ya kukutenganisha na mtandao wako. Anachokisikia ndicho wewe.

Hili limepimwa. Mwaka 2018 Eryn Newman na Norbert Schwarz walichapisha utafiti ambao ndani yake watu walisikilizishwa maelezo yale yale ya wanasayansi, wengine kwa sauti safi na wengine kwa sauti iliyochakachuliwa kidogo. Maneno hayakubadilika hata moja. Waliosikia sauti mbovu waliona utafiti wenyewe hauna uzito, na mtafiti wakamshusha. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walikuta jambo hilo hilo kwa sauti za mikutano ya video: msemaji mwenye sauti nyembamba ya kibati alionekana si mwerevu sana, si wa kuaminika sana, wala si wa kuajiriwa, ingawa kila neno lake lilieleweka. Na utafiti uliofanywa Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba laini ikichelewesha sauti, watu hawailaumu laini. Humwona mwenzao hayuko makini.

Kwa hiyo ukiniuliza muda na pesa viende wapi, nitasema viende kwenye sauti kwanza, kisha kwenye ucheleweshaji, kisha kwenye mpango wa dharura. Kamera mpya ndiyo kitu watu wengi hununua mwanzo, na kwa maoni yangu ndicho kinachoweza kusubiri.

Sauti inaharibikia wapi

Kipaza sauti kilichomo ndani ya kompyuta mpakato kwa kawaida si kibovu. Kibaya ni umbali wake na wewe. Ukikaa sentimita 60 kutoka kwake, kinachokifikia ni mchanganyiko wa sauti iliyotoka moja kwa moja kinywani mwako na ile iliyokwenda kugonga ukuta, dari na meza ikarudi. Hii ya ukutani inabaki karibu vile vile popote utakapokaa chumbani. Ile ya kinywani hupanda kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapopungua kwa nusu. Sogeza kipaza sauti kutoka sentimita 60 hadi 15: umekata nusu mara mbili, umepata desibeli 12, na ule mlio wa ukumbi mtupu umeondoka. Hii ndiyo sababu hedifoni ya waya ya bei ya kawaida, yenye kipaza sauti karibu na mdomo, huishinda kompyuta ya bei kubwa.

Nimesema ya waya kwa makusudi. Vifaa vya masikioni vya Bluetooth hupiga muziki vizuri sana, na hapo ndipo vinapodanganya. Mara tu programu ya mkutano inapowasha kipaza sauti chake, kifaa kwa kawaida huacha njia ya muziki na kuhamia njia ya simu, ambayo ni nyembamba zaidi. Toleo la zamani la njia hiyo huchukua sampuli 8,000 za sauti kwa sekunde, na toleo bora zaidi huchukua 16,000. Masafa ya sauti inayopita hayawezi kuzidi nusu ya idadi hiyo, yaani hertzi 4,000 au 8,000. Herufi kama s na f zimejaa nguvu juu ya hertzi 4,000, na zikikatwa hapo, mwekezaji anakusikia kama mtu aliye ndani ya bomba. Vifaa vipya vinavyotumia LE Audio, teknolojia mpya ya sauti ya Bluetooth, vimepunguza tatizo hili, ila ni lazima kompyuta nayo iwe inaikubali. Zaidi ya hapo Bluetooth huongeza ucheleweshaji, na betri yake inaweza kuisha katikati ya swali la mapato.

Chumba chenye mazulia, mapazia, kitanda au kochi hufyonza mwangwi. Chumba cha mikutano chenye meza ya kioo na kuta tupu huonekana cha kiofisi, lakini sauti yake ni mbaya. Kati ya viwili hivyo, mimi nachagua chumba cha kulala.

Jaribio ninalolipendekeza ni moja, nalo halina gharama. Fungua mkutano kwa programu ile ile, kaa pale pale utakapokaa, umwombe rafiki aliye nyumba nyingine ajiunge na arekodi. Zungumza dakika mbili kuhusu biashara yako, utaje na tarakimu kadhaa. Kisha isikilize rekodi hiyo huku umefumba macho. Usijirekodi tu kwenye kompyuta yako ukadhani umejipima, kwa sababu sauti hiyo haijapita mtandaoni, haijabanwa, wala haijapita kwenye kichujio cha kelele cha programu. Kichujio hicho ni msaada penye feni au magari, lakini kikiwekwa juu sana humeza mwanzo wa maneno yanayosemwa polepole. Kama chumba chako kimetulia, kishushe kwenye mipangilio, urekodi tena, ulinganishe.

Mkiwa waanzilishi wawili, mnaingia kwenye mtego mwingine. Kompyuta mbili zikiwa chumba kimoja, zote na vipaza sauti vimewashwa, sauti ya spika ya moja huingia kwenye kipaza sauti cha nyingine na kurudi, na mlio unaozaliwa hapo ni wa kuumiza masikio. Mkibanana mbele ya kompyuta moja mnaepuka mlio, ila mmoja wenu atakuwa mbali na kipaza sauti na atasikika kama mpita njia. Suluhisho safi ni kila mtu na chumba chake, kompyuta yake na hedifoni yake. Hamtaweza kupeana jicho, kwa hiyo gawaneni maswali mapema: nani anajibu ya fedha, nani ya bidhaa, nani ya washindani. Swali lisilo na mwenyewe huzaa ukimya wa pande mbili, kisha wote wawili mnaanza kujibu kwa pamoja.

Ucheleweshaji, adui asiyeonekana

Watafiti waliolinganisha mazungumzo katika lugha 10, kwa utafiti uliochapishwa mwaka 2009, walikuta kwamba mtu akimaliza kuuliza, mwenzake huanza kujibu baada ya wastani wa milisekunde 200 hivi. Ni kama muda wa kupepesa jicho. Masikio yetu yamezoea mdundo huo bila sisi kujua, na mdundo ukivurugika tunahisi kuna kitu hakiendi sawa.

Sasa chukua laini inayochelewesha milisekunde 300 kwa kila upande. Mwekezaji anamaliza: "Na nusu ya mapato haya yanatoka kwa mteja mmoja?" Swali linakufikia baada ya milisekunde 300. Unafikiri kidogo, tuseme sekunde moja, jambo la kawaida kwa swali zito. Unaanza kujibu, na jibu linasafiri milisekunde 300 nyingine. Kwako wewe umekaa kimya sekunde moja. Kwake yeye umekaa kimya sekunde 1.6. Kabla jibu lako halijamfikia, ameshaanza kulitengeneza upya swali lake, na sauti zenu zinagongana. Mnanyamaza wote. "Endelea." "Hapana, endelea wewe." Yakitokea hayo mara tatu, mtu wa upande wa pili ana haki ya kuhisi kwamba maswali ya fedha yanakubabaisha, na hujafanya lolote la kustahili hisia hiyo.

ITU, umoja wa kimataifa wa mawasiliano, unapendekeza ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 ili mazungumzo yaende kama kawaida, na kwamba 400 uwe ndio mpaka wa juu. Watu hudhani adui hapo ni umbali. Ni kweli kwa kiasi tu. Mwanga ndani ya nyaya za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kilomita 10,000 hugharimu milisekunde 50 tu, ingawa njia halisi huwa na mizunguko. Setilaiti za zamani zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta ni kesi nyingine: kupanda na kushuka huko peke yake ni kama milisekunde 240. Zile mpya zinazoruka kilomita mia kadhaa tu juu ya dunia hazina tatizo hilo.

Mara nyingi muda unapotea ndani ya nyumba yako mwenyewe. Laini nyingi za majumbani hupewa kasi kubwa ya kupakua na kasi ndogo ya kupakia, na kwenye simu ya video unahitaji zote mbili. Picha ya 720p, yaani ya ukali wa wastani, kwenye Zoom inahitaji kama megabiti 1.2 kwa sekunde kila upande, jambo ambalo laini nyingi hulimudu. Lakini simu ya mtu mwingine ikianza kuhifadhi picha zake mtandaoni wakati huo huo, ruta huzikusanya pakiti zote, yaani vipande vya data, na kuzipanga kwenye foleni moja, na sauti yako inasubiri zamu nyuma ya picha za sherehe. Kipimo cha kasi kitaendelea kukuambia kwamba intaneti ni nzuri, kwa kuwa kinapima ujazo, hakipimi foleni. Tumia kinachoonyesha ucheleweshaji laini ikiwa tupu na laini ikiwa na mzigo. Tovuti ya Fast.com huonyesha yote mawili ukifungua maelezo yake zaidi. Ikiwa tarakimu ya pili imeruka kutoka makumi hadi mamia ya milisekunde, umemjua mkosaji.

Tiba yake ni ya kawaida kabisa. Chomeka waya kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta. Ukishindwa, kaa chumba kimoja na ruta, utumie Wi-Fi ya gigahertzi 5 badala ya 2.4, kwa sababu hii ya pili inagawana hewa na Bluetooth, majiko ya maikrowevu na ruta za majirani. Simamisha programu za kuhifadhi mafaili mtandaoni, kwenye kompyuta yako na kwenye simu za walio ndani ya nyumba. Zima VPN, ile huduma ya kupitisha mawasiliano yako kwenye seva ya mbali, kama kazi yako inaruhusu, maana inaweza kuzungusha sauti yako kupitia mji ambao hauko njiani. Waombe watu wa nyumbani waache kutazama video kwa saa moja. Kwenye siku inayoamua mtaji wa mwaka mzima, ombi hilo si kubwa.

Na hata ukifanya yote hayo, bado utachelewa kidogo. Kwa hiyo ukiulizwa swali gumu, toa ishara kwanza: itikia kwa kichwa, sema "ndiyo, swali zuri hilo, nifikiri kidogo." Ukimya wako utaeleweka. Nawe ukimaliza kuuliza, subiri kuliko unavyosubiri ana kwa ana.

Picha, kwa ufupi

Mwanga utoke mbele yako. Kamera hupima mwanga wa eneo zima inaloliona, kwa hiyo dirisha likiwa mgongoni itashusha mwanga wote na wewe utabaki kivuli. Lenzi iwe sawa na macho yako. Rundo la vitabu chini ya kompyuta linatosha. Sogeza dirisha la picha ya mwekezaji hadi juu ya skrini, karibu kabisa na kamera, ili ukimtazama yeye uonekane unamtazama yeye. Kisha ifiche picha yako mwenyewe kwenye skrini, kwa kuwa kujitazama nusu saa nzima huchosha na huiba umakini.

Jambo moja watu hulisahau: ukiwa na bidhaa ya kushikwa mkononi, zima mandhari bandia na ukungu wa nyuma. Programu hutafuta umbo la mtu, na chochote kisicho mtu hukimeza. Utainua kifaa ulichokihangaikia miaka miwili, na mwekezaji ataona mkono mtupu unaometameta pembeni. Usijali ukiona maandishi ya kifaa yamegeuka kwenye skrini yako. Kwa kawaida wewe unaonyeshwa kama kwenye kioo, mwenzako anaona sawa.

Slaidi zisiufiche uso

Mwaka 2015 DocSend, kampuni ya huduma ya kutuma na kufuatilia nyaraka mtandaoni, ilichapisha uchambuzi ulioonyesha kuwa mwekezaji hutumia wastani wa dakika 3 na sekunde 44 kupitia slaidi za kuombea mtaji. Nalichukulia hilo kama ruhusa. Zitume siku moja kabla, kwa PDF, azipitie kwa muda wake, ili nusu saa ya simu iwe ya mazungumzo. Wapo wanaoogopa kwamba akishaziona hatahudhuria. Mimi naona asiyevutiwa na slaidi zako angekataa hata baada ya kukusikiliza, na wewe ungekuwa umepoteza nusu saa.

Ukishea skrini, uso wako unasukumwa pembeni na kuwa mdogo kama stempu. Sasa mwekezaji wa hatua za mwanzo anampima mtu kabla ya kupima jedwali. Kwa hiyo shea slaidi pale tu ambapo bila kuona mtu hawezi kuelewa, kisha acha kushea. Hasa mnapofika kwenye kiasi unachoomba na utakavyokitumia, rudi kwenye uso. Maandishi yawe makubwa: Guy Kawasaki, mwekezaji na mwandishi wa vitabu vya biashara, alishauri herufi zisipungue pointi 30, na ushauri huo unafaa zaidi mtandaoni, ambapo hujui kama mwenzako anatumia skrini ya ofisini au simu akiwa njiani.

Mwendo kwenye skrini iliyoshewa ni jambo la kulielewa. Programu hizi zikijua unashea maandishi huchagua ukali wa picha na kupunguza idadi ya fremu kwa sekunde. Slaidi iliyotulia itasomeka vizuri sana. Slaidi zinazoruka na kuzunguka zitakwama na kurukaruka. Ondoa madoido yote. Ukitaka kuonyesha video ya bidhaa ikifanya kazi, tafuta kwenye dirisha la kushea chaguo la kuboresha kwa ajili ya video na lile la kushea sauti ya kompyuta, uyaweke alama kabla ya kuanza, la sivyo ataona sinema bubu inayokatakata. Hata kama unapenda kuonyesha bidhaa moja kwa moja, uwe na rekodi ya dakika mbili kando. Seva huchagua siku mbaya za kulala.

Shea dirisha moja, usishee skrini nzima, na uzime arifa zote. Ujumbe wa mwanzilishi mwenzako unaosema "punguza bei tu, tunahitaji hizi pesa" usionekane na mwenye pesa. Kama lazima mwandikiane wakati wa kikao, tumieni simu zilizo mezani. Na kwenye kompyuta za Mac, mara ya kwanza programu inapotaka kushea skrini mfumo huomba ruhusa, na mara nyingi programu inabidi ifungwe na kufunguliwa upya ndipo ruhusa ifanye kazi. Bila jaribio la awali, utaligundua hilo mbele ya mwekezaji.

Kiungo, saa na masikio ya ziada

Tumia programu anayoitumia mwekezaji. Akikuachia uchague, kumbuka kwamba akaunti ya bure ya Zoom huufunga mkutano baada ya dakika 40, na Google Meet ya bure hufunga baada ya saa moja mkiwa watatu au zaidi. Mazungumzo ya mtaji yakienda vizuri hupitiliza. Lipia mwezi mmoja.

Saa iandikwe ndani ya mwaliko wa kalenda, kila mtu aione kwa saa zake. Sababu ni hii: Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, nchi za Ulaya zinazobadilisha saa hufanya hivyo Jumapili ya mwisho ya mwezi huo. Kati ya tarehe hizo New York na London zinatofautiana saa nne badala ya tano. Mwezi wa Oktoba Ulaya hurudisha saa wiki moja kabla ya Marekani, na hesabu inayumba tena. Mtu anayekokotoa kwa kichwa anaweza kufika saa nzima mapema, au kuchelewa saa nzima.

Usirekodi bila kuomba ruhusa. Sehemu nyingine ni kosa kisheria, na kila sehemu ni kukosa adabu. Angalia pia roboti, yaani programu za kuandika kumbukumbu za kikao, zinazojiunga zenyewe kwa kuwa zimeunganishwa na kalenda. Mwaka 2024 kisa kimoja kilisambaa sana: mhandisi mmoja alitumiwa kwa barua pepe maandishi ya kikao chake na wawekezaji, yakiwa pamoja na yale waliyozungumza wao kwa wao baada ya yeye kutoka. Roboti haikutoka naye. Nanyi waanzilishi mna desturi ya kubaki kikaoni mkijadili yaliyotokea. Fungeni mkutano, mhamie kwingine.

Laini ikikatika

Mpango uandikwe ndani ya mwaliko wenyewe: "Tukikatika, turudi kwenye kiungo hiki hiki. Ikipita dakika mbili, nitakupigia kwa namba yako." Sentensi hizo mbili huondoa ile hali ya kila mmoja kumsubiri mwenzake aanze.

Kabla ya kikao, unganisha kompyuta na intaneti ya simu yako angalau mara moja, ili nenosiri liwe limeshahifadhiwa na uwe umeona kwamba inatosha. Saa moja ya video ya 720p hula kama gigabaiti 1, hivyo hakikisha ipo. Betri zote zijae, umeme ukikatika usikukute na asilimia kumi. Mpe mwenzako mamlaka ya kuendesha mkutano, ili laini yako ikikatika kikao kisifungwe nawe, na yeye awe na slaidi kwenye kompyuta yake.

Dalili za kwanza zikianza, picha inaganda au sauti inakuwa ya roboti, usisubiri. Sema wazi: "Laini yangu inasumbua, nazima kamera ili unisikie vizuri," kisha izime. Sauti inahitaji sehemu ndogo sana ya njia inayotumiwa na picha, na mara nyingi hilo peke yake linaokoa kikao. Ikiwa bado, jiunge kwa simu ya kawaida kupitia namba iliyo kwenye mwaliko kama ipo, ama mpigie. Na ukirudi, usitumie dakika nzima kuomba radhi. Taja mahali mlipoishia, kwa maneno yake yeye, uendelee: "Uliuliza kuhusu mteja mkubwa. Ndiyo, ni nusu ya mapato, na huu ndio mpango wetu wa kupunguza utegemezi huo."